Muhadhara wa Juu Kabisa Kuhusu Hita ya Maji ya Kuoga, Waya Zake na Saa Yake

Hita ya tangi ni chombo cha kupasha maji kwa umeme kinachofungwa ukutani mwa bafu, juu kidogo ya kichwa cha mwogaji. Mwogaji husimama chini yake hana nguo, hana viatu, amelowa mwili mzima, na juu yake pana lita 50 za maji zilizokutanishwa na umeme wa volti 230. Katika hali hiyo mtu mwenye busara angetarajiwa kuuliza maswali mawili matatu. Utafiti wa mitaani unaonyesha kwamba maswali yanayoulizwa wakati bafu linajengwa huhusu rangi ya vigae.

Pengo hilo ndilo lililozaa taaluma ya maji ya moto ya nyumbani. Hadi sasa taaluma hii ina mtaalamu mmoja tu aliyebobea, naye alilazimika kujitangaza mwenyewe baada ya kusubiri muda mrefu bila kutokea wa kumtangaza. Vyeti vyake havikutundikwa ukutani kwa sababu ukuta una hita. Msimamo wake mkuu, ambao haujawahi kupingwa na mtaalamu mwingine yeyote wa fani hiyo, ni kwamba fedha za bafu hutumika kinyumenyume: kinachoonekana hununuliwa kwa bei ya juu, na kisichoonekana, hasa waya wa ethi, huachiwa kitakachobaki.

Kwa ndani hita ni kitu cha kawaida mno, kiasi cha kumvunja moyo anayetaka kuitolea muhadhara. Kuna tangi la chuma lililopakwa enameli, likazungushiwa povu la kuhifadhi joto, kisha likavishwa ganda jeupe. Bomba la maji baridi huingilia chini na kuishia chini. La maji ya moto nalo hutokea chini, lakini mdomo wake umepandishwa ndani hadi karibu na kilele, kwa kuwa maji ya moto ni mepesi na hukaa juu. Katikati pana elementi. Wengi hudhani elementi ni chuma kinachopata moto basi. Kumbe ni bomba jembamba la shaba au la aloi, na ndani yake umepita waya wa nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu ambao Mmarekani Albert Marsh aliupatia hataza mwaka 1906. Kati ya waya na bomba umeshindiliwa unga wa oksidi ya magnesiamu, ambao hupitisha joto vizuri na kuuzuia umeme. Uhai wa mwogaji umekaa katika unga huo, na unene wake ni wa milimita chache. Bomba likipata ufa, unga hunyonya maji, na tangu hapo umeme huanza kutembelea mahali ambapo haukualikwa.

Kipimo cha kwanza cha taaluma ni hiki: uniti moja ya umeme, yaani kilowati moja ikitumika kwa saa moja, hupandisha lita 860 za maji kwa nyuzi moja ya Selisiasi. Tarakimu hiyo inafaa kukaririwa, maana anayeijua hauziwi hita inayosifiwa dukani kwamba "inakula umeme kidogo". Mjini Njombe, mwezi wa Julai, maji ya tangi lililo juu ya mnara yanaweza kuamka yakiwa na nyuzi 15. Kufikisha lita 50 kwenye nyuzi 60 ni kuzipandisha nyuzi 45. Zidisha 45 kwa 50, gawanya kwa 860, jibu ni uniti 2.6. Elementi ya wati 1,500 huifanya kazi hiyo kwa saa moja na dakika 45. Ya wati 3,000 hutumia nusu ya muda huo, na uniti ni zile zile. Yenye nguvu kubwa humaliza mapema, basi. Anayedai kwamba hita yake imeikwepa hesabu hii ana mambo mawili ya kuchunguza, mita yake au maji yake, na mara nyingi ni maji: hayakuwahi kufika nyuzi 60.

Uniti 2.6 kwa siku ni 78 kwa mwezi. Katika bei zilizoanza mwaka 2016, mteja wa LUKU, umeme wa Tanzania unaolipiwa kabla, wa daraja la D1 la nyumba zinazotumia umeme kidogo, alilipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 za mwezi, na kila iliyozidi hapo alilipa shilingi 350. Hita peke yake, kabla hata taa moja haijawashwa, ilikwisha kuuvuka mpaka. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za daraja hilo hita iko, imeng'arishwa, na wageni wanaonyeshwa, lakini maji ya kuoga hutoka jikoni ndani ya sufuria. Taaluma haiwalaumu. Hita isiyowashwa ndiyo hita salama kuliko zote.

Hapa inabidi itajwe, kwa huzuni ya kitaaluma, koili ya ndoo. Mpangilio wake unajulikana: ndoo ya plastiki ya lita 20, mwiko uliolazwa juu ya mdomo wa ndoo, na koili inayoning'inia kwenye mwiko huku waya wake ukivuka korido kwenda kwenye soketi ya sebuleni. Joto hupimwa kwa kidole cha shahada, koili ikiwa bado imechomekwa. Njia hiyo ya upimaji ina faida moja, nayo ni kwamba jibu hupatikana papo hapo, iwe kuhusu joto au kuhusu unga wa oksidi ya magnesiamu. Utaratibu unaokubalika ni koili kuzama kwanza ndipo plagi ichomekwe, na plagi kuchomolewa kwanza ndipo mtu yeyote aguse maji, ndoo au mwiko. Koili ikiwashwa hewani huungua kwa muda mfupi tu. Ikiachwa maji yakapungua, ndoo huyeyuka, na moto wa nyumba umeanza kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Kuhusu gharama, kupandisha ndoo moja kutoka nyuzi 15 hadi 40 ni uniti 0.58. Lita 50 za nyuzi 60 zikichanganywa na maji baridi hutoa lita 90 za nyuzi 40, yaani ndoo nne na nusu, na gharama kwa kila ndoo ni ile ile. Mwenye tangi na mwenye koili wanalipa sawa. Kinachowatenganisha ni heshima na mwiko.

Umeme wa hita huanza kuharibika kwenye plagi. Plagi ya pini tatu za mraba, iliyoachwa na Waingereza, ina fyuzi ya ampea 13. Hita ya wati 3,000 kwenye volti 230 huvuta ampea 13 na chembe. Kwa hesabu ya darasani plagi inatosha. Kwa saa nzima kila alfajiri, mwaka baada ya mwaka, haitoshi, na sababu aliieleza James Prescott Joule, mtoto wa mtengeneza bia wa Salford, mwanzoni mwa miaka ya 1840: joto linalozaliwa kwenye waya hukua kwa mraba wa mkondo. Skrubu ya plagi ikilegea kidogo tu hadi kiungo kikapata ukinzani wa nusu omu, ampea 13 huzalisha hapo wati 85, ilhali balbu ya zamani ya wati 60 ilitosha kuunguza kidole. Mkondo ukiwa nusu, joto lingekuwa robo, na ndiyo maana pasi ya dakika kumi haileti msiba ambao hita huuleta.

Dalili zake hujionyesha bila haya. Tundu moja la soketi, mara nyingi la upande wa waya wa moto, hugeuka rangi ya kahawia kuanzia ukingoni. Plagi hung'ang'ania ikivutwa, na ikitoka, pini yake moja ni nyeusi na ya upande wa pili inang'aa. Kabla ya hayo yote kulikuwa na harufu. Plastiki ya plagi na soketi ikipata joto kupita kiasi hutoa harufu inayofanana kabisa na ya dagaa, na kaya nyingi zimepoteza wiki nzima zikimtafuta anayekaanga dagaa usiku, na jirani wa kushoto akatuhumiwa bure.

Kwa hiyo hita ya tangi haichomekwi kwenye soketi. Hupewa njia yake yenyewe kutoka kwenye sanduku la breka: waya wa milimita mraba 2.5, breka ya ampea 16 au 20, na mwishoni swichi inayokata waya wa moto na nyutro kwa pamoja, ikiwekwa nje ya bafu na iwe na kitaa chekundu cha kuonyesha kwamba imewashwa. Kukata vyote viwili si anasa. Swichi inayokata waya mmoja, ikiwa fundi alizigeuza waya, hukata nyutro na kuiacha elementi ikiwa na umeme kamili, huku kitaa kimezima na kila mtu ametulia. Kipande cha mwisho kinachoingia ndani ya hita kinatakiwa kiwe cha waya unaostahimili joto, kwa sababu mpira wa waya wa kawaida umetengenezwa kwa nyuzi 70 na kichwa cha elementi hakijali. Kuunga hita kwenye waya za taa, ambazo kwa kawaida ni za milimita mraba 1.5, ni mtindo uliozoeleka na unaohesabiwa kuwa ubunifu hadi dari linapoanza kutoa moshi.

Rangi za waya zina historia. Nyumba za zamani zimefungwa mwekundu kwa umeme wa moto, mweusi kwa nyutro, kijani kwa ethi. Za siku hizi ni kahawia, buluu, na kijani chenye mistari ya njano. Nyumba iliyojengwa kwa awamu, chumba kila baada ya mavuno, ina zote mbili, pamoja na mfumo wa tatu ambao haujaandikwa popote: humo mweusi ni nyutro, isipokuwa pale unapomaanisha kwamba mwekundu uliisha dukani. Hakuna kitabu kinachoweza kuusoma mfumo huo. Hupimwa kwa mita, waya mmoja baada ya mwingine, umeme ukiwa umezimwa na kuhakikishwa kwamba umezimika. Kazi yenyewe ni ya fundi mwenye leseni, ambayo kwa Tanzania hutolewa na EWURA na kwa Kenya na EPRA. Mtaalamu wa taaluma hii hushika tochi, na kazi hiyo huitwa usimamizi wa juu.

Ethi inahitaji kuzingatiwa zaidi kuliko jambo jingine lolote, kwa kuwa ndiyo inayopuuzwa zaidi. Waya huu, ambao kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliovuja, hauwashi kitu, haupashi kitu, na ukikosekana hakuna kinachoacha kufanya kazi. Hita huwaka, maji huwa ya moto, fundi hulipwa. Fundi wa bei nafuu hulijua hilo vizuri. Kuna anayeukata waya wa ethi pale mwanzo wa kebo na kuukunja nyuma kwa tepu nyeusi ili usisumbue. Kuna anayeufunga kwenye bomba la maji, mbinu aliyoirithi kutoka kwa mwalimu wake wakati mabomba yalikuwa ya chuma na yalipita ardhini. Siku hizi mabomba ni ya plastiki. Waya wa kijani na njano uliofungwa kwa ustadi, kwa klipu mpya, kwenye bomba la plastiki unapendeza machoni na hauendi popote.

Ethi ya kweli huishia kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini nje ya nyumba, na ardhi nayo ina tabia zake. Udongo mbichi hupitisha umeme vizuri na udongo mkavu hukataa, kwa hiyo fimbo iliyopimwa wakati wa masika na kusifiwa huenda Septemba ikawa mapambo. Mafundi wa zamani huizungushia chumvi na mkaa, na wanajua wanachofanya: mkaa hushika unyevu na chumvi hupunguza ukinzani, ingawa chumvi husombwa na mvua na kuila fimbo polepole. Hata hivyo fimbo nzuri peke yake bado haitoshi. Tuseme ukinzani wake ni omu 20, ambao nyumba nyingi zingejivunia. Elementi ikipasuka na umeme ukavujia kwenye tangi, mkondo unaokwenda ardhini ni 230 kugawanya kwa 20, yaani ampea 11.5. Breka ni ya ampea 16. Breka inaangalia ampea 11.5, inaona mzigo wa kawaida kabisa, na inaendelea kulala. Tangi, bomba na kichwa cha bomba la mvua vyote vinabaki na umeme, na mwogaji anaambiwa kwamba hita "inapiga shoti kidogo", kana kwamba hiyo ni hulka ya hita na atazoea.

Dawa ya hali hiyo ni breka ya kuvuja, inayojulikana kwa herufi RCD. Yenyewe haijali ukubwa wa mkondo. Inalinganisha kinachotoka kwenye waya wa moto na kinachorudi kwenye nyutro, na ikiona tofauti ya miliampea 30 hukata kabla ya theluthi moja ya sekunde kupita, na kwa uvujaji mkubwa hukata upesi zaidi. Chombo cha namna hiyo kilichotengenezwa mahususi kuulinda mwili wa mtu kilibuniwa mwaka 1961 na Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ambaye alikuwa ametumia miaka mingi kupima kiasi cha umeme ambacho mtu anaweza kukistahimili. Miliampea 30 ni chini ya sehemu moja katika 500 za ampea 16. Umbali huo ndio unaoeleza kwa nini breka ya kawaida hulinda waya na wala haimlindi mtu: mwili uliolowa, kwa ukinzani wa takriban omu 1,000, huvuta miliampea 230, kiasi kinachotosha kuuvuruga moyo na kisichotosha kuishtua breka hata kidogo. Bei ya RCD ni ndogo kuliko ya boksi chache za vigae vinavyong'aa. Fundi anapoambiwa kwamba RCD "inasumbua, inaanguka kila mara" na kuombwa aiondoe, anaombwa amfukuze mlinzi kwa kosa la kupiga kelele mwizi akiingia.

Upande wa maji una amri moja: tangi hujazwa kwanza, umeme hufuata. Bomba la maji ya moto hufunguliwa na kuachwa hadi hewa yote itoke na maji yatiririke bila kukoroma, ndipo swichi iguswe. Elementi kavu huungua haraka, na hakuna muuzaji anayerudisha fedha kwa elementi iliyoungua hivyo. Watu wa mitaa yenye mgao wa maji huogopa kwamba maji yakikatika tangi litakauka. Kwa kuwa maji ya moto hutokea kileleni, bomba la bafuni haliwezi kulimaliza tangi. Hatari iko kwenye bomba la baridi, ambako maji yanaweza kunyonywa kurudi yalikotoka, na kazi ya kulizuia hilo ni ya valvu ndogo ya shaba iliyofungwa hapo chini.

Valvu hiyo ina kazi ya pili, nayo ndiyo inayoiletea uadui. Maji yakipashwa hutanuka: lita 50 kutoka nyuzi 15 hadi 60 huongezeka kwa karibu mililita 800, na mahali pa kwenda hakuna. Valvu huyaruhusu yadondoke pole pole kupitia mdomo wake mdogo. Baba mwenye nyumba huona matone, huona hasara, na hutafuta kijiti cha kuziba. Valvu nyingi za aina hii hufunguka shinikizo linapofikia takriban bar 8. Ikizibwa, na siku hiyo hiyo themostati, swichi inayozima elementi maji yakifikia joto lililopangwa, ikagoma kuzima, maji yaliyobanwa hupita nyuzi 100 bila kuchemka, kwa kuwa mchemko unahitaji nafasi. Tangi likifunguka ghafla, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huhitaji nafasi mara 1,600 hivi ya ile ya maji. Bafu halina nafasi hiyo. Kwa hiyo valvu huachwa idondoke, na chini yake huwekwa kibomba cha kupeleka matone kwenye mfereji wa sakafu.

Themostati huwekwa kwenye nyuzi 60. Chini sana ya hapo, kati ya nyuzi 20 na 45, hustawi bakteria wa Legionella, waliojulikana baada ya mlipuko wa mwaka 1976 kwenye mkutano wa wanajeshi wastaafu mjini Philadelphia, ambao humwingia mtu kwa kuvuta matone madogo ya maji. Kwenye nyuzi 60 wanakufa. Kwenye nyuzi 60 pia ngozi ya mtu mzima huungua vibaya kwa sekunde tano hivi, na ya mtoto kwa muda mfupi zaidi, hivyo maji ya moto huchanganywa kabla ya kumfikia mtu, na bomba la baridi hufunguliwa kwanza. Mbali na themostati, hita inayostahili jina hilo ina kikata joto cha pili kinachozima kila kitu joto likipita kiasi na hakijirudishi chenyewe. Kikikata, kinasema themostati imekufa. Kukibonyeza tena kila asubuhi hakuifufui.

Sasa saa, ambayo umma huipenda kuliko yote yaliyotangulia. Taima ni swichi inayowasha na kuzima hita kwa wakati uliopangwa, na vijitabu vinavyokuja nayo hushauri iwashe usiku umeme unapokuwa rahisi. Ushauri huo una kwao. Uingereza ilianzisha mwaka 1978 mpango wa Economy 7, wenye saa saba za usiku za bei nafuu, na nyumba chungu nzima zikapasha maji watu wakiwa wamelala. LUKU ya nyumbani haina usiku wala mchana. Uniti ya saa tisa usiku na ya saa tisa alasiri ni shilingi zile zile, na anayewasha hita usiku wa manane kwa ajili ya kubana matumizi amepata giza tu.

Taima bado ina faida, ila ni ndogo kuliko inavyosifiwa. Tangi la moto hupoteza joto kwa kadiri joto lake linavyopishana na la hewa ya nje, kanuni aliyoitoa Isaac Newton mwaka 1701. Kutokana na kanuni hiyo, nadharia inayopendwa katika vikao vya harusi, kwamba kuacha hita imewaka siku nzima ni nafuu kuliko kuizima na kuiwasha, imekufa zamani na inasubiri kuzikwa. Tangi likikaa moto muda mrefu hupoteza zaidi, likipoa hupoteza kidogo. Kinachookolewa ni joto linalovuja kupitia povu, ambalo kwa tangi dogo lenye povu zuri si kubwa. Anayetarajia taima ipunguze bili kwa nusu angefanikiwa zaidi kwa kuwafupishia waogaji muda.

Upangaji wake huenda kinyumenyume kutoka kwenye saa ya kuoga. Anayeoga saa 12 alfajiri na mwenye elementi ya wati 1,500 anahitaji saa moja na dakika 45, kwa hiyo hita iwake saa 10 na robo alfajiri. Hapo wengi huanguka. Diski ya taima ya kawaida ina vipini 96, kila kimoja dakika 15, na namba zake huanza kuhesabu usiku wa manane. Saa 10 na robo alfajiri juu ya diski ni 04:15. Anayebonyeza vipini vya 10:15 ataoga maji baridi alfajiri, kisha saa nne na robo asubuhi, wote wakiwa kazini na shuleni, nyumba tupu itapashiwa lita 50 kwa uangalifu mkubwa. Kosa la aina hii huweza kudumu miezi, kwa sababu jioni maji huwa bado vuguvugu na taima hupewa sifa.

Umeme ukikatika, diski husimama nao. Mgao wa saa tatu huirudisha nyuma saa tatu, mwingine huongeza mbili, na baada ya wiki moja hita inaishi katika nchi yake yenyewe. Taima ya kielektroniki yenye betri ndani haina ugonjwa huo. Lakini aina zote mbili zina vigusio vyenye kikomo: taima ya kuchomeka iliyoandikwa ampea 16 kwa herufi kubwa na kufungwa kwa skrubu nyembamba hurudi kwenye habari ya dagaa. Kwa hita ya wati 3,000 fundi huweka kontakta ndani ya sanduku la breka, taima ikaiamuru kontakta, na kontakta ikabeba mzigo. Taima haichukui nafasi ya themostati, wala haichukui nafasi ya swichi ya nje. Anayefungua kifuniko cha hita kwa kuamini kwamba "taima imezima" hajausoma muhadhara huu.

Matunzo ni machache. Maji ya kisima yenye chokaa huivika elementi gamba jeupe linalozuia joto lisitoke, waya wa ndani huungua, na kabla ya hapo hita huanza kunguruma inapopashwa. Gamba huondolewa kwa kuitoa elementi na kuilowesha katika siki. Fimbo ya magnesiamu iliyo ndani ya tangi huliwa na kutu kwa niaba ya chuma, na ikiisha chuma huanza kuliwa chenyewe, kwa hiyo hukaguliwa kila mwaka au miwili kulingana na ukali wa maji. Valvu ya usalama hunyanyuliwa kikono chake mara kwa mara isije ikaganda. Kitufe cha kujaribia RCD hubonyezwa kila baada ya miezi mitatu. Ikikata, hurudishwa juu. Isipokata, swichi ya nje huzimwa na maji huchemshwa jikoni hadi fundi aje na mpya.